Mfereji wa Dhahhak na Bomba la Mafuta: Mafuta, Vita na Haki katika Kanda ya Kati

  

Kwa mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, mafuta si neno la siasa za mbali. Yamo katika nauli ya bodaboda, katika bei ya unga uliosagwa kwa mashine ya dizeli, na katika gunia la mkaa ambalo huteremshwa kutoka kwenye lori. Kwa ndugu zetu wa Chemba na Kondoa, kaskazini mwa mkoa huu, mafuta yamekuwa jambo la ardhi yenyewe, kwani bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepita katika maeneo yao. Mwenye shamba anapomwendea imamu na kumuuliza, "Sheikh, sheria ya Allah inasemaje kuhusu kitu kinachopitishwa katika ardhi yangu kwa manufaa ya mtu mwingine?", haitoshi kumjibu kwamba suala hilo ni la Serikali. Suala hilo mafakihi wamelizungumza tangu karne ya kwanza ya Hijra.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba historia ya mafuta na vita katika miaka mia moja na kitu iliyopita imewagusa watu wa kanda hii ya kati mara nyingi, na kila mara walilipa gharama ya moto waliouota wengine. La pili ni kwamba hukumu mbili za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), moja kuhusu mfereji na nyingine kuhusu malisho, zinatupa mizani ya kuyapima haya yanayoitwa leo "haki ya tabianchi".

MAFUTA KATIKA VITABU VYA FIQHI

Wapo wanaodhani kuwa mafuta ya petroli ni jambo jipya ambalo wanazuoni wa zamani hawakulijua. Mwanafunzi aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), kitabu mashuhuri katika darsa za madhehebu ya Shafii katika pwani yetu, atakumbuka kuwa katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa limetajwa neno "naft". Hayo ndiyo mafuta yanayotoka ardhini. Imam Nawawi ameyaweka, pamoja na kiberiti na lami, katika madini ya dhahiri, yaani yale yanayojitokeza bila ya kazi kubwa ya kuyatafuta. Hukumu yake ni kuwa hayamilikiwi kwa kuhuisha, wala mtawala hana haki ya kumkatia mtu mmoja akawazuia wengine. Kabla yake, Imam Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) alisema mfano wa hayo katika kitabu chake cha hukumu za utawala.

Asili ya hukumu hii ni kisa cha Abyadh bin Hammal (R.A.). Alitoka Yemen akamwomba Mtume (S.A.W.) ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, naye akampa. Alipogeuka kwenda zake, mtu mmoja katika majlisi alieleza kuwa alichopewa ni kama maji yasiyokatika. Mtume (S.A.W.) akayarejesha. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Yako pia mafundisho mashuhuri ya Mtume (S.A.W.), waliyoyapokea Abu Daud na Ibn Majah, kwamba watu wanashirikiana katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto.

Ni kweli kwamba mafuta ya leo hayachuruziki juu ya ardhi. Huchimbwa kwa mitambo kutoka kina kirefu, na kwa sababu hiyo yapo karibu zaidi na yale waliyoyaita madini ya ndani, kama dhahabu na chuma, ambayo hukumu yake ina khitilafu. Hata hivyo, kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Malik ni kuwa madini yote yako chini ya kiongozi, ayasimamie kwa maslahi ya umma. Kwa njia zote mbili tunafika mahali pamoja. Utajiri wa aina hii ni amana, na kiongozi ni msimamizi wake. Hana idhini ya kuutoa kama mtu atoavyo mali ya mfukoni mwake.

KESI MBILI MBELE YA SAYYIDNA UMAR

Kesi ya kwanza imo katika Muwatta ya Imam Malik. Dhahhak bin Khalifa alikuwa na mfereji wa maji aliotaka kuupitisha katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa. Dhahhak akamuuliza kwa nini anamzuia ilhali mfereji huo una manufaa kwake pia, kwani yeye atanywesha wa mwanzo na wa mwisho, na wala haumdhuru. Muhammad akashikilia msimamo wake. Kesi ikafika kwa Sayyidna Umar, naye akamwamuru Muhammad aruhusu, na alipozidi kukataa akaapa kwamba mfereji utapita hata kama ni juu ya tumbo lake.

Wengi wanaoitaja hukumu hii huishia kwenye hicho kiapo. Kiapo hicho ni kitamu kwa kila mwenye mradi anayetaka kupita katika shamba la mwenzake. Lakini tuangalie hukumu ilijengwa juu ya nini. Ilijengwa juu ya mambo mawili yaliyothibiti mbele ya hakimu: mwenye ardhi anafaidika, tena yeye wa kwanza na wa mwisho, na hakuna dhara linalompata. Hata pamoja na hayo, mafakihi wengi hawakukubali kumlazimisha mwenye ardhi. Wameshika msingi kwamba mali ya mtu haiwi halali kwa mwenzake ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Walioifanyia kazi hukumu ya Umar, ikiwemo riwaya moja kutoka kwa Imam Ahmad, waliifanyia kazi pale tu dhara linapokosekana. Hakuna aliyesema kuwa mfereji utapita huku mwenye shamba hapati tone la maji na mazao yake yanaharibika.

Kesi ya pili imo katika Sahihi Bukhari. Sayyidna Umar alikuwa na hima, yaani eneo la malisho lililohifadhiwa kwa ajili ya wanyama wa umma, na akamweka msimamizi aitwaye Hunayy. Alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache. Ama mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (R.A.), matajiri wakubwa wa Madina, ajihadhari nayo. Sababu aliyoitoa ni kuwa matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kuwarudisha, lakini masikini wake wakifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa kiongozi, na huyo hataweza kuachwa.

Ndugu msomaji, tuziweke kesi hizi mbili akilini tunapopita katika historia.

WIKI MOJA YA NOVEMBA 1914

Mwaka 1914, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Uingereza iliamua kununua hisa nyingi zaidi katika Kampuni ya Mafuta ya Uingereza na Uajemi kwa zaidi ya pauni milioni 2. Sababu ilikuwa manowari zake, ambazo zilikuwa zinaacha makaa ya mawe na kuingia katika mafuta. Kuanzia hapo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Abadan, karibu na Basra, kikawa ni sehemu ya ulinzi wa dola ya Kiingereza.

Vita vilipoanza, Serikali ya Uingereza nchini India ilituma majeshi kadhaa ng'ambo. Moja liliteremka Tanga kuanzia tarehe 2 Novemba 1914, likashindwa na Wajerumani na kuondoka tarehe 5. Jingine liliteremka Fao, kwenye mlango wa mto wa Basra, tarehe 6 Novemba, kulinda mafuta na kuikabili Dola ya Uthmaniya. Majeshi hayo mawili yalitoka nchi moja, na ndani yake walikuwamo Waislamu waliopelekwa kupigana na Waislamu wenzao. Jeshi la Basra lilisonga mbele hadi Baghdad mwaka 1917. Mwaka 1920, katika mkutano wa San Remo, Uingereza na Ufaransa ziligawana ardhi za Waarabu, na katika makubaliano ya mafuta Ufaransa ikaahidiwa robo ya mafuta ya Mosul. Wenyeji wa Mosul hawakuulizwa. Mfereji ulipita juu ya matumbo yao.

Ama huku kwetu, vita viliingia bara. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916 na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo. Magari ya petroli yalikuwepo, lakini mvua na matope viliyashinda, na mzigo ukarudi juu ya vichwa vya wapagazi. Wapagazi walikufa kwa makumi elfu katika vita vya Afrika ya Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo kulisha majeshi. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, hapakuwa na akiba wala mifugo ya kubadilisha kwa chakula. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilidumu kati ya mwaka 1917 na 1920. Watafiti wa historia wamekadiria kuwa watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 hivi wa eneo hilo.

Hapa pana somo kubwa. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wakiujua na walikuwa na njia za kuukabili, zikiwemo mifugo, ujamaa na kuhamia kwa jamaa wenye mavuno. Ukame uliowaua ni ule uliowakuta wamekwisha kunyang'anywa. Kanuni hii ndiyo inayofanya kazi hadi leo katika suala la tabianchi. Jua linawaka juu ya wote, lakini anayeangamia ni yule ambaye akiba yake imekwisha kuchukuliwa.

MWAKA 1973: BEI ILIPOPANDA

Mwezi Oktoba 1973 vilizuka vita kati ya Waarabu na Israel. Nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta zilipunguza uzalishaji na kuziwekea vikwazo nchi zilizoiunga mkono Israel. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilivunja uhusiano na Israel kuonyesha mshikamano. Lilikuwa ni jambo la haki, na Waislamu wengi walilifurahia.

Lakini bei ya pipa, iliyokuwa karibu dola 3 kabla ya vita, ilipita dola 11 ilipofika Januari 1974. Nchi masikini za Afrika zilipoomba bei nafuu hazikuipata. Nchi za Kiarabu zilitoa misaada na mikopo, na zikaanzisha benki maalumu ya maendeleo ya Afrika iliyoanza kazi mwaka 1975, lakini pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa Tanzania pigo hilo lilikuja pamoja na ukame wa mwaka 1973 na 1974, na wakati ule ule ambapo wananchi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji kwa amri. Serikali ilibidi inunue nafaka kwa fedha za kigeni huku fedha hizo hizo zikihitajika kununua mafuta. Ni katika mwaka huo huo wa 1973 ndipo ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na haishangazi kwamba utekelezaji wake ulisuasua kwa miongo mingi.

Tunasema hivi bila ya kuwalaumu waliopigania Palestina. Silaha ya mafuta ilielekezwa kwa wenye nguvu, lakini wenye nguvu walikuwa na akiba, na jeraha likampata mnyonge aliyesimama karibu yao. Katika lugha ya Umar, mifugo ya Ibn Auf ilirudi kwenye mitende, na mifugo ya masikini ikafa.

KAGERA, LIBYA NA MSIKITI WA DODOMA

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tanzania ilijibu, na vita vikaisha kwa kuanguka kwa Amin mwezi Aprili 1979. Libya, nchi iliyokuwa na fedha nyingi za mafuta, ilituma askari na silaha kumsaidia Amin. Askari wa Libya walipigana na majeshi yetu Lukaya mwezi Machi 1979 na Entebbe mwezi Aprili, wakashindwa, na ndege ya Libya ikaangusha mabomu karibu na mji wa Mwanza. Wapo waliotaka kuvifanya vita vile kuwa vya dini. Ukweli ni kwamba Waislamu wa Tanzania walikuwemo katika jeshi lililopigana, na damu yao ilimwagika kama ya wenzao.

Mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yalitikisa soko la mafuta na bei ikapanda kwa mara ya pili. Nchi ikatoka vitani ikiwa na deni, ikakuta mafuta yamepanda, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikawa ni miaka ya foleni na uhaba ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri.

Miaka 31 baadaye, mwaka 2010, ulifunguliwa hapa Dodoma msikiti mkubwa uliojengwa kwa fedha za Libya kupitia Jumuiya ya Daawa ya Kiislamu ya Dunia, na watu wakauita Msikiti wa Gaddafi. Maelfu wanaswali ndani yake, na sadaka hiyo tunaiombea ikubaliwe. Mwaka uliofuata, 2011, Libya yenyewe iliingia vitani, majeshi ya NATO yakashiriki kwa ndege zake, na Gaddafi akauawa. Nchi ile yenye mafuta mengi ikagawanyika.

Fedha za kisima kimoja zilinunua mabomu mwaka 1979 na zikajenga nyumba ya Allah mwaka 2010. Kwa hiyo Muislamu asiyapime mafuta kwa kuangalia jina la mwenye kisima. Apime kwa kuangalia yanachimbwa vipi, yanatumika wapi na nani anadhurika.

MTWARA 2013: NANI ANYWESHE WA KWANZA?

Kesi ya Dhahhak ilirudi nchini kwetu kwa sura nyingine mwaka 2013. Wananchi wa Mtwara, mkoa wenye Waislamu wengi, walipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Hawakuwa wanapinga gesi. Walikuwa wakiuliza kwa nini wao, walio kwenye chanzo, wasiwe wa kwanza kunufaika kwa viwanda na ajira. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa hapa Dodoma Bungeni na kuthibitisha kuwa bomba litajengwa, ghasia zilizuka Mtwara, jeshi likapelekwa, mali zikaharibiwa na watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015.

Hatuhalalishi kuchoma nyumba wala ofisi, kwani dhulma haiondolewi kwa dhulma. Lakini swali la watu wa Mtwara lilikuwa swali la kifiqhi: nani anywesha wa mwanzo na wa mwisho? Kama lingejibiwa mapema kwa hoja na kwa mkataba, huenda damu isingemwagika.

BOMBA LA HOIMA HADI TANGA

Mafuta yaligunduliwa kwenye bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Bomba linalojengwa lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, kupitia mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mafuta yake ni mazito kama nta, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto hadi kiasi cha nyuzi 50. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanyika Februari 2022. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya taifa ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8.

Tanga, mahali ambapo jeshi la mwaka 1914 lilishindwa, ndipo meli zitapakia. Na ardhi ya Kondoa na Chemba ndiyo Muhammad bin Maslama wa leo.

Dhidi ya mradi huu limesimama vuguvugu la watu wa Uganda, Tanzania na nchi nyingine. Mwaka 2020 asasi za kiraia zilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Novemba 2023 mahakama hiyo iliitupa kwa sababu ya kuchelewa kufunguliwa, bila ya kuingia katika kiini cha madai. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi, likitaja kuwa zaidi ya watu 100,000 wako katika hatari ya kuhamishwa. Oktoba mwaka huo wanafunzi walioandamana Kampala kuunga mkono azimio hilo walikamatwa.

Viongozi wa Uganda na Tanzania walijibu kuwa Ulaya iliyotajirika kwa makaa na mafuta haina haki ya kuizuia Afrika. Jibu hili lina uzito. Mwaka huo huo wa 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipokata gesi ya Urusi, viongozi wa Ulaya walikuja Algeria, Kongo-Brazzaville na Senegal kutafuta gesi ya Afrika kwa ajili ya nyumba zao. Huku kwetu bei ya petroli ilipanda mpaka Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Vita vilipiganwa mbali, na gharama ikafika mpaka kituo cha bodaboda cha Chang'ombe.

Lakini unafiki wa mwenye kukukataza haufanyi jambo likawa halali. Kama Ulaya imekosa uadilifu, hilo halimlipi mkulima wa Chemba fidia yake.

ANGA NI MALISHO YA PAMOJA

Hapa inaingia hukumu ya pili ya Sayyidna Umar. Hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi hubaki angani kwa karne nyingi na kuongeza joto la dunia. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na nishati hizo tangu mapinduzi ya viwanda. Afrika nzima, pamoja na wingi wa watu wake, hutoa karibu asilimia 4 tu kwa mwaka. Kama anga ni hima ya wanadamu wote, basi mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan imekwisha kula karibu malisho yote, na mwenye mbuzi wachache ndio kwanza anafika mlangoni.

Na mbuzi wake wanakufa. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka katika msimu mmoja tu. Maji ya visima vya Makutupora, ambavyo mji huu umevitegemea kwa miongo mingi, hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa sana, na baina yake kina hushuka. Mvua hizo kubwa zikija huja na madhara yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Wataalamu wanatuambia kuwa joto linapoongezeka, ukame na mafuriko vyote viwili huzidi ukali. Suratur Rum, aya ya 41, inatufundisha kuwa uharibifu wa nchi kavu na baharini unatokana na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Lakini mikono iliyochuma zaidi si ile inayoonjeshwa zaidi.

Mfano wa kinyume tunao hapa hapa. Mwaka 1979, katika mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wakazi wa eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256 hivi, waliamriwa kuondoa mifugo yao yote. Ardhi ilipona kwa kiasi kikubwa, na makorongo yakaota majani. Watu masikini walibeba peke yao gharama ya kuiponya ardhi. Ikiwa mfugaji wa Kondoa aliweza kuambiwa aondoe ng'ombe wake wote kwa ajili ya vizazi vijavyo, kwa nini ionekane ni jeuri kumwambia tajiri wa dunia apunguze moto wake?

Waislamu hawako nje ya madai haya. Agosti 2015 wanazuoni waliokutana Istanbul walitoa tamko la Kiislamu kuhusu tabianchi, wakizitaka nchi tajiri na nchi zinazotoa mafuta, zikiwemo za Waislamu, zitangulie kuacha nishati hizo. Februari 2024 hati iitwayo Al-Mizan, ahadi ya Kiislamu kwa ajili ya dunia, ilizinduliwa Nairobi. Na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba zinazokiuka huenda zikawajibika kulipa. Hayo hayako mbali na ile kanuni tunayoisomesha watoto madrasa, kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza dhara.

NINI WAJIBU WETU?

Makala haya si fatwa. Wenye elimu wapo na wakae walitazame jambo hili. Lakini yako mambo ambayo imamu wa kijiji chochote kilicho njiani mwa bomba anaweza kuyasimamia leo.

Kwanza, fidia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mwenye shamba aliyezuiwa kupanda miaka kadhaa akisubiri malipo amedhurika, na hapo sharti la mfereji wa Dhahhak halikutimia. Imamu awasaidie watu kusoma karatasi kabla ya kuweka dole gumba. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika na kushuhudisha.

Pili, mirathi. Fidia ya shamba la marehemu ni mali ya warithi wote, wajane na mabinti wakiwemo. Kaka mkubwa aliyesaini kwa niaba ya familia akala peke yake amekula moto, hata kama kampuni imemlipa kihalali.

Tatu, wakfu na makaburi. Kiwanja cha wakfu kikiguswa, malipo yake si mfuko wa kamati ya msikiti. Inunuliwe badala yake ardhi nyingine iwe wakfu kama ile ya mwanzo. Na makaburi yanayohamishwa yahamishwe kwa heshima, mbele ya jamaa zao.

Nne, kuuliza swali la manufaa. Mapato ya hisa ya asilimia 15 katika ushuru wa kupitisha mafuta, ambao umetangazwa kuwa karibu dola 12.7 kwa pipa, ni fedha za umma. Watu wa Singida, Chemba na Kondoa wana haki ya kuuliza kwa adabu ni kisima gani, zahanati gani na nguzo ipi ya umeme imetokana nazo. Huko ndiko kunywesha wa mwanzo na wa mwisho. Kuuliza si uasi. Wapo waliomuuliza Sayyidna Umar juu ya mimbari, naye akajibu.

Tano, tuanze na nyumba zetu. Misitu ya kanda hii inaishia kwenye mkaa. Shule na madrasa zinazopikia watoto wengi zinaweza kuacha kuni, na misikiti inaweza kuweka umeme wa jua na kuvuna maji ya paa. Mtume (S.A.W.) amekataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha penye mto unaopita. Basi vipi kwa anayetawadha Dodoma?

Sayyidna Umar hakuufunga mfereji, wala hakuifunga hima. Aliuruhusu mfereji pale ambapo mwenye ardhi alinufaika na hakudhurika, na aliifungua hima kwa masikini kabla ya tajiri. Mradi wowote wa mafuta, uwe wa Wazungu, wa Waarabu, wa Wachina au wa kwetu wenyewe, upimwe kwa masharti hayo mawili. Ukitimiza, tutasema umetimiza. Usipotimiza, basi aliye na ulimi aseme, kwa sababu ile dua ambayo Umar alimtahadharisha nayo msimamizi wake, dua ya aliyedhulumiwa, haina pazia baina yake na Allah.